Mlinzi wa Maua ya Peklo

Oldřich Vymazal alikuwa mtu wa macho. Si kwamba aliona sana. Riziki yake ndiyo ilikuwa macho ya watu. Kule mjini Brno alikuwa na duka la miwani, na kwa miaka nenda rudi kazi yake ilikuwa kumkalisha mtu kitini, kumziba jicho moja, na kumweleza kwa upole kwamba ile anayoiita E ni F. Kazi ya namna hiyo humharibu mtu. Ukizoea kuwaambia wenzio kila siku kwamba hawaoni vizuri, mwisho wake unaamini kwamba unayeona ni wewe peke yako.

Alipostaafu, mkewe Alžběta akiwa ameshafariki, aliuza duka akahamia kwetu Olšinka, kwenye kile kijumba cha mbao walichokuwa wakija kupumzikia mwisho wa juma. Alikuja na kofia ya wakulima ambayo hakuna mkulima aliyewahi kuivaa, na Bobina, mbwa wa marehemu mkewe, wa ile jamii ya miguu mifupi na mwili mrefu. Bobina akipita kwenye nyasi huoni mbwa, unaona nyasi zinatikisika tu.

Vya mbali Oldřich aliviona kama mwewe. Shida ilikuwa vya karibu. Gazeti alilisoma kwa kulisogeza mbele, likasogea, likasogea, mpaka mkono ukamwishia. Miwani ya kusomea alikuwa nayo, safi kabisa, lenzi kazikata mwenyewe. Ilikuwa imelala kwenye droo ya kabati. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu wetu hata kukiri kwamba anaumwa hakutaka. Sababu ilikuwa jirani yake, Bi Drahomíra Slezáková.

Bi Drahomíra alikuwa mfamasia mstaafu, mjane, mwenye nywele fupi za mvi na tabia ya kumtazama mwanamume kama anavyotazama cheti cha daktari chenye mwandiko mbaya: anakodoa macho, anakisia, halafu anaamua kama atampa dawa au atamrudisha alikotoka. Oldřich aliamini kwamba mwanamume asiye na miwani huonekana kijana zaidi. Mtu aliyeuza miwani maisha yake yote, huyo ndiye aliyeamini hivyo.

Ikafika Siku ya Wanawake. Kwetu siku hiyo mwanamume hununua ua moja la karnesheni dukani, lile la shina refu, akamkabidhi mkewe, au mwalimu, au karani wa posta, mambo yakaisha. Oldřich akaona la karnesheni ni la kiofisi. Akachukua kisu chake cha kukatia uyoga, akamfunga Bobina kamba, akashuka kwa njia ya kinu cha zamani, mahali ambapo hakuwa na mazoea ya kupita.

Nyuma ya kinu kile kijito kinatanuka na kuingia msituni. Theluji ilikuwa bado imejificha kwenye vivuli, matope yanavuta buti, na chini ya miti mitupu, pande zote mbili za maji, ardhi ilikuwa nyeupe. Si theluji. Maua. Vikengele vyeupe vimeinamisha vichwa, vingi hata huoni pa kukanyaga.

“Sněženka!” akamwambia Bobina. Sněženka ni kile kiua cheupe kinachotoboa theluji kabla ya vingine vyote, na kila mtoto wa nchi hii hukijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Oldřich hakuinama kukiangalia. Kuinama kulimuuma kiuno, na kuangalia vya karibu kulimuuma moyo. Alichutama tu, akapapasa, akakata. Akakata vya kutosha shada linalojaza mikono miwili. Vingine viling'oka na vitunguu vyake, yale matunguu ya mizizini, akavichukua hivyo hivyo, akaona vina haiba ya kishamba.

Bi Drahomíra alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Akalitazama shada. Akamtazama Oldřich. Akalitazama shada tena, kwa muda mrefu zaidi.

“Umezitoa wapi hizi?”

“Msituni.”

“Umezichuma mwenyewe?”

“Kwa mkono wangu huu,” akasema Oldřich, akauonyesha.

Bi Drahomíra akachungulia barabarani, kushoto na kulia. “Kuna mtu amekuona?”

Moyo wa Oldřich uliruka kama chura. “Hakuna,” akanong'ona.

“Ingia. Upesi, funga mlango.”

Akalichukua lile shada, akapotea nalo nyuma ya nyumba, akarudi mikono mitupu. Sebuleni hakuliweka, jikoni hakuliweka. Oldřich, mtu wa hesabu za lenzi, akapiga hesabu ya vyumba: sebule, jikoni, halafu kinabaki nini? Akanywa kahawa yake masikio yakimwaka, na kila swali aliloulizwa, kama alipita njia gani, kama alivikata vingi, alilijibu kwa tabasamu la siri. Bi Drahomíra alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga. Oldřich akasema moyoni: haya, mwanamke wa watu kashikwa na haya. Akamuaga kabla hajazidiwa.

Vile vilivyobaki, vyenye vitunguu, aliviweka kwake kwenye sahani ya supu yenye maji, juu ya kigoda kando ya jiko, mahali ambapo angeviona akinyoosha miguu.

Jumamosi yake, kama kawaida, nusu ya kijiji ilikuwa baa kwa Radim Kříž. Kříž ni mwenye baa na pia ni mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo mikutano yetu huenda haraka, maana akizungumza hamimini bia. Siku hiyo alikuja mezani mikono mitupu. Ikajulikana kuna jambo.

“Jamani, kuna mtu ameingia Peklo,” akasema. “Amekata bledule. Na nyingine kazing'oa kabisa.”

Peklo maana yake Jehanamu. Ndivyo tunavyoliita korongo letu, kwa sababu ya matope, na humo ndimo inamoota bledule, ua linalolindwa na sheria, ambalo kila mwezi wa Machi huleta mabasi ya wageni mpaka mlangoni kwa Kříž. Watu wakaguna. Mzee mmoja akavua kofia kama msibani.

Oldřich alikuwa ameshasikia habari za bledule. Alijua ni tunu. Alijua Peklo iko kule juu, nyuma ya kanisa, kwenye njia ya mbao na bango. Ambalo hakulijua ni kwamba korongo lina midomo miwili, na ule wa chini, ambao bango lake lilisombwa na mafuriko, unatokea nyuma ya kinu cha zamani. Na sisi hatukumwambia. Nani anamwambia mtu kwamba nyumba ina mlango wa uani?

Akapiga meza. “Mshenzi!”

Watu wakageuka.

“Naam, mshenzi! Mtu wa namna gani anaingia msituni na kisu akachinja ua la watu? Mtu huyo hana macho! Mimi nimekaa na macho ya watu miaka yote hii, nawaambieni, kuna kutazama na kuna kuona. Huyu alitazama, hakuona!”

Kwenye kona, Bi Drahomíra alipaliwa na bia. Jirani yake akampigapiga mgongoni.

“Kamata hiyo!” akadakia mmoja. “Mzee wa Brno leo kaamka.”

“Nipeni mimi kazi,” akasema Oldřich, ambaye akishaanza kupendwa hakujua pa kusimamia. “Nitasimama Peklo kila siku mpaka maua yaishe. Na huyo mtu nitamkamata kwa mkono wangu huu.”

Akauonyesha ule ule mkono. Bi Drahomíra akainuka akatoka nje, mabega yakimtetemeka. Oldřich akamfuata kwa macho akasema moyoni: nimemgusa.

Basi akawa mlinzi. Kříž alimpa kitambaa cha kijani cha kufunga mkononi, na kila asubuhi baada ya chai alipanda mpaka mdomo wa juu wa korongo, akasimama kando ya bango, Bobina miguuni. Maua aliyaona kutoka kwenye njia ya mbao, shuka kwa shuka, hadi kwenye kona ya kijito. Je, hakuona kwamba yanafanana na yale aliyoyachuma? Aliona. Lakini aliona pia tofauti kubwa kabisa: haya yalikuwa na bango.

Bango lenyewe lilikuwa na mchoro na maelezo marefu. Alilisoma kichwa tu, kwa sababu kichwa kilikuwa na herufi kubwa.

Wageni walimpenda. Mama mmoja kutoka Jihlava, mnene, mwenye viatu vya mlimani vipya, alimsogelea akamuuliza, “Samahani, baba, hii na sněženka mtu anazitofautishaje?”

Hapa mtu mwenye akili angesema, soma bango. Oldřich aliivuta pumzi. “Kwa tabia, mama. Zote huinama. Lakini sněženka huinama kwa aibu, na bledule huinama kwa heshima.”

“Loo,” akasema yule mama, akashika kifua.

Siku nyingine Kříž alipanda kutoka mdomo wa chini akiwa na habari. Kwenye matope ya huko chini kulikuwa na alama ya buti la mwizi, imeganda na baridi. Alikuwa amepima urefu wake kwa kamba. “Hebu weka mguu hapa, Vymazal, tuone ni mtu wa kimo gani.”

Oldřich akaweka buti juu ya kamba. Sawasawa.

“Kumbe ni mtu wa kimo changu,” akasema, akavuta ndevu ambazo hakuwa nazo. “Tena soli pana. Mtu mzito, Radim. Mtu asiyejali. Ukimwona utamtambua, uso wake utakuwa wa kijinga.”

“Bila shaka,” akasema Kříž, akaikunja kamba yake.

Maneno haya yote ni Oldřich mwenyewe aliyetusimulia baadaye, bila kuruka hata moja, na kila akifika kwenye hilo la uso wa kijinga alikuwa akivua kofia ili tumtazame vizuri.

Asubuhi moja aliamka akakuta jiko limepoa na sakafu imechafuka. Bobina alikuwa chini ya meza, mate yanamchuruzika, mwili wote unatetemeka. Akajikunja, akatapika, akatapika tena mahali ambapo hakuwa na kitu cha kutapika. Kando ya kigoda ile sahani ilikuwa imepinduka. Majani yametafunwatafunwa, na vitunguu havikuwepo.

Oldřich alipiga magoti. Bobina alikuwa wa Alžběta. Siku za mwisho, Alžběta akiwa hawezi tena kuinuka, mbwa huyu alikuwa amelala kwenye miguu yake kama mto, na kitu pekee ambacho mgonjwa alikiomba ni, “Bobina usimpeleke kwa watu, Oldřich.” Sasa mbwa alimtazama kwa macho yaliyojaa maji, na mtu wa macho hakujua yanasema nini.

Akatoka mbio, kanzu ya kulalia na buti, akagonga kwa jirani. “Bi Drahomíra! Bobina anakufa!”

Bi Drahomíra hakuuliza la pili. Alikuja na koti juu ya gauni la nyumbani, akamgusa mbwa fizi, akamsikiliza moyo, akatazama sakafu. Akaokota jani moja. Rangi ikamtoka usoni.

“Amekula na vitunguu?”

“Vyote. Lakini ni sněženka tu, sijui…”

“Mpigie daktari wa wanyama. Sasa hivi. Mwambie ni bledule.”

“Ni sněženka, Bi Drahomíra, nimezichuma mwe…”

“Oldřich!” Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Si kwa namna aliyoiota. “Mwambie bledule!”

Alipiga simu. Daktari akasema mleteni, na mabaki ya mmea yaleteni. Bi Drahomíra ndiye aliyeendesha gari. Bobina alikuwa mapajani mwa Oldřich, kafungwa katika taulo, na kila gari liliporuka alitoa sauti ndogo kama bawaba ya mlango.

Kwa daktari walimchukua ndani, wakamtundikia dripu, wao wawili wakaambiwa wakae kwenye benchi. Wakakaa. Mfuko wenye majani ulikuwa kati yao. Ua moja lilikuwa limesalimika, limelegea lakini zima.

Bi Drahomíra akaingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa miwani. Ilikuwa miwani ya Oldřich. Alikuwa ameiona kwenye droo alipokuwa akitafuta taulo.

“Vaa.”

“Mimi kwa kweli sihitaji…”

“Vaa, nimesema.”

Akavaa. Bi Drahomíra akamwekea lile ua kiganjani.

“Niambie unaona nini.”

Mara ya kwanza katika maisha yake Oldřich Vymazal alikalishwa yeye kwenye kiti akaulizwa anaona nini. Akatazama. Ua lilimjia karibu ghafla, kila mshipa.

“Petali,” akasema. “Sita.”

“Zina urefu gani?”

“Zote sawa. Kama kofia ya taa.”

“Na kwenye ncha?”

Kwenye ncha ya kila petali kulikuwa na doa, kijani kinachoelekea njano, kama mtu kagusa kwa kidole chenye rangi. Zote sita, hata moja haikusahauliwa.

“Sněženka,” akasema Bi Drahomíra, “ina tatu ndefu za nje, nyeupe tupu. Ndani mna tatu fupi, hizo ndizo zenye kijani. Ukiiona mara moja hukosei tena. Hii ni bledule. Yote ina sumu, na sumu kubwa iko kwenye kitunguu. Na hata zingekuwa sněženka, Oldřich, za msituni hazichumwi. Nazo zinalindwa, na nazo zina sumu.”

Akaendelea kulitazama ua. Mbele yake zilipita zile siku zote moja moja: kinu, kisu, meza ya baa, kitambaa cha kijani, buti juu ya kamba. Masikio yakaanza kumwaka, na safari hii haikuwa kwa mapenzi.

“Kwa hiyo yule mshenzi,” akasema polepole.

“Ndiyo.”

“Asiye na macho.”

“Ndiyo, jirani.”

“Na lile shada? Chumbani kwako?”

“Chumbani! Wee mwanamume! Lilikuwa kwenye pipa la majivu, nyuma. Ulitaka liwekwe dirishani watu wapite wanione mimi ndiye mwizi?”

Oldřich aliinamisha kichwa. Kwa aibu au kwa heshima, hapo hata yeye hakuweza kutofautisha.

Alipokiinua, alishangaa. Kwa miwani ile alimwona Bi Drahomíra kwa mara ya kwanza, mikunjo yake, unga wa jana kwenye ukosi, na machozi yakishuka bila kufutwa.

“Nilitaka kukuambia siku ile ile, mlangoni,” akasema. “Nikakuonea huruma, ulikuwa na furaha. Nikasema nitamwambia kesho. Halafu ukapiga meza kwa Kříž. Mungu nisamehe, nilicheka mpaka nikatoka nje kujishika ukutani. Kila siku nikasema, acha kwanza, siku moja tu zaidi, hebu tuone atafika wapi. Mimi, mfamasia. Nilijua ni sumu, na sikukuuliza kama umebakiza nyingine nyumbani. Mbwa wa marehemu yupo mle ndani kwa sababu mimi nilikuwa nafurahia kichekesho.”

“Kichekesho kilikuwa kizuri,” akasema Oldřich. “Ningekuwa wewe, hata mimi nisingekikatiza.”

Wakacheka, kicheko kibaya chenye makamasi, na msaidizi wa daktari akatoa kichwa mlangoni kuangalia kuna nini. Akawaambia mbwa ameacha kutapika, atabaki mpaka kesho, lakini moyo unakwenda vizuri.

Mtu mwingine angenyamaza hapo. Mashahidi walikuwa wawili, mmoja mfamasia na mwingine mbwa. Na Oldřich alikiri kwamba alilifikiria. Njia nzima ya kurudi alilifikiria, akapanga hata namna ambavyo mwizi angeweza kupotelea Poland. Lakini siku iliyofuata, baada ya kumchukua Bobina, aliteremka mpaka nyuma ya kinu, na miwani usoni. Akainama, kiuno kikalia, akaona. Katikati ya weupe ule kulikuwa na kidonda. Vishina vimekatwa mkato mmoja, vimeanza kuwa kahawia, na mashimo pale vitunguu vilipong'oka, yamejaa maji. Alikuwa amesoma bango sasa, lote, hadi herufi za chini kabisa. Bledule ikianza na mbegu huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Akapiga hesabu ya umri wake, akasimama.

Alikwenda moja kwa moja kwa Kříž, akamkuta anakatakata utumbo wa supu.

“Radim, mwizi nimempata.”

“Nani?”

“Uso wa kijinga, buti pana. Kimo changu.”

Kříž akasimamisha kisu. Akamtazama. Kicheko kilichukua muda, kilianza kwenye midomo, kikashuka tumboni, mwisho mwenyekiti wa kijiji akalazimika kukaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. “Nikakupima!” akasema akipumua kwa shida. “Ewe mzee, nikakupima kwa mguu wako mwenyewe!”

Alipojifuta macho akawa mwenyekiti. “Lakini itabidi niripoti. Sheria ni sheria.”

“Ripoti. Na kitambaa hiki hapa.”

“Kitambaa cha nini tena? Jumapili yanakuja mabasi, nani atawaongoza? Mimi nina supu.”

Iliripotiwa. Wilayani walimwita Oldřich, wakamkanya vikali, akatoka amejikunja. Lakini huko, alisema, kulikuwa chai na maandazi ukilinganisha na ile Jumapili.

Watu walikuwa wamejaa kwenye mdomo wa juu, wa kijiji na wa mabasi. Oldřich alipanda kwenye gogo, miwani puani, Bobina chini kafungwa kamba fupi.

“Mabibi na mabwana. Huenda mmesikia kwamba maua yetu yaliibwa. Mwizi amepatikana.”

Wakapiga makofi.

“Ni mimi.”

Sauti ikatoka nyuma: “Sema kwa nguvu, huku hatusikii!”

Ndivyo alivyolazimika kusema tena, kwa nguvu, mpaka kunguru wakaruka. Akawasimulia yote, shada, kamba, sahani ya supu. Alilotaja kwa kifupi ni la Bi Drahomíra kucheka, hilo Bi Drahomíra alilimalizia mwenyewe, kutoka kwenye umati, kwa sauti ya duka la dawa: “Na mimi nilijua nikakaa kimya! Msimbebeshe peke yake!” Watu walicheka, wengine waliguna, mmoja alisema afadhali wangetozwa faini, na kweli alikuwa na haki ya kusema.

Halafu aliwashusha kwenye njia ya mbao na kuwapitishia kioo chake cha dukani, kile cha kukuzia. Akawapigisha magoti kandokando ya mbao, bila kugusa, wazee kwa vijana, na kila mmoja akahesabu petali kwa sauti.

Yule mama wa Jihlava alikuwa amerudi. Alipoinuka, magoti yamelowa, alimwuliza, “Na ile habari ya aibu na heshima, baba?”

“Niliitunga, mama. Nisamehe.”

“Uliitunga! Mimi nimewaambia kwaya nzima!”

“Waambie petali sita na madoa.”

“Haiimbiki hiyo,” akasema kwa huzuni.

Mwishoni aliwapeleka nyuma ya kinu, akawaonyesha kile kidonda. Hapo hatukucheka. Mwanamume mmoja wa mabasini, ambaye njia nzima alikuwa akishikilia mfuko wa plastiki uliokunjwa, aliusukumiza ndani kabisa ya koti.

Tangu hapo kijijini tunamwita Bwana Bledule, na jina hilo analiitikia. Maua yalipoisha yakaja majani, na yakaja yale majira ya vitunguu saumu vya mwituni, ambavyo majani yake, yanayofanana na mengine yenye sumu, kila mtu hapa sasa anayachuma kwa ajili ya kusaga na kula na mkate. Asubuhi moja Kříž alifika kwa Oldřich na kikapu kilichojaa. “Bwana Bledule, wewe ndiye mtaalamu. Hebu nitazamie. Harufu ni ya kitunguu saumu, lakini haya machache hapa yamenitia shaka.”

Oldřich akavaa miwani, akayapeleka dirishani, akayageuza. Mengine aliyajua. Matatu au manne, mapana kidogo, yenye kung'aa, hakuyajua. Zamani angekuwa na jibu kabla swali halijaisha.

“Sijui,” akasema. Akalisikiliza neno lenyewe, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. “Sijui, Radim. Na harufu usiiamini. Kikapu kizima kishaambukizana.”

Wakaenda kwa Bi Drahomíra. Akakodoa macho, akanusa, akavunja jani kwa kucha, akanusa tena.

“Haya matatu siyadhamini,” akasema. “Na kwa kuwa yamekaa na mengine, mwaga yote.”

“Kikapu kizima?” Kříž akalia. “Nimeinama tangu alfajiri!”

“Mwaga, mwenyekiti.”

Akamwaga, kwenye pipa la majivu, akinung'unika kuhusu wastaafu wa mjini. Halafu akawaambia, basi njooni mle supu ya utumbo, hiyo angalau inajulikana imetoka wapi. Bi Drahomíra akachukua koti lake. Oldřich akamshikia mkono wa koti, akakosea, akamshikia ule mwingine, na wakatoka.